Chungu cha Myombekere na Vigae vya Kigongo

Kila tunapojadili ustaarabu wa kale darasani, majina huja kwa mpangilio uleule: Misri, Uyunani, Rumi, na tukijikakamua tunaongeza Zimbabwe na Kilwa. Kanda ya Ziwa haitajwi. Ukiuliza sababu, utajibiwa eti huku hakukuwa na majengo ya mawe wala maandishi. Hebu tulitazame basi neno lenyewe. "Ustaarabu" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuwa kama Mwarabu. Kwa matumizi ya pwani yetu, mtu wa mjini, mwenye nyumba ya mawe na dini ya kitabu. Ukiingia na kipimo hicho kutafuta mambo ya kale ya Mwanza, ndugu msomaji, utatoka mikono mitupu, maana umeshaamua kabla hujachimba. Katika makala haya nanuia kudai kwamba mwambao wa ziwa una historia ndefu iliyo wazi kwa anayetaka kuisoma, na kwamba kuisoma si kazi ya wanaakiolojia peke yao. Sisi wa fasihi tumo.

Kigongo iko upande wa Misungwi, Busisi upande wa Sengerema, na katikati ni Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi watu walivuka hapo kwa kivuko, na foleni yake kila msafiri wa Geita anaijua. Tangu Juni 19, 2025 kuna daraja la kilomita 3 hivi, na safari imekuwa ya dakika chache. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tukitembea mwambao huo na mashamba yaliyo jirani kwa ajili ya utafiti wetu wa mwaka wa tatu. Mvua ikinyesha, udongo unaosombwa huacha vigae juu: vipande vya midomo ya vyungu, vya matumbo, vya vitako. Vingi ni vya juzi tu. Vichache si vya juzi. Hatukuokota, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kujichukulia tu, na kigae kikishaondolewa mahali pake kinakuwa kama neno lililong'olewa katika sentensi. Tulichora, tukapima, tukaviacha palepale.

Mwanza haijaanza kuchunguzwa leo. Mwaka 1969 Robert Soper na Bernard Golden walichapisha katika jarida la Azania taarifa ndefu ya uchunguzi wao wa mkoa huu: mapango ya miamba, michoro, vigae. Katika pango la Nyang'oma walikuta vigae vya aina iitwayo Kansyore, jina la kisiwa kilicho katika Mto Kagera. Waliofinyanga vyungu hivyo walikuwa wavuvi na wawindaji, na upande wa Kenya aina hiyo imeonekana kuwa na umri wa miaka ipatayo 8,000. Tafakari hapo. Vitabu vingi vya shule vilitufundisha kwamba mtu huanza kulima, ndipo akafinyanga. Huku ziwani mtu alifinyanga kwanza, kwa sababu alikuwa na samaki wa kupika na hakuwa na haja ya kuhamahama sana.

Baadaye, kuanzia takriban mwaka 500 kabla ya Kristo, vikaja vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Hivi ni vya kazi safi mno: mdomo umekatwa pembe-pembe, shingo imechorwa mistari, na mara nyingi kitako kina kibonyeo, kama kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole gumba. Vinaambatanishwa na wakulima na wafua chuma. Kisha kuanzia karne ya 8 hivi inaingia mitindo mingine, ambapo kamba iliyosokotwa inaviringishwa juu ya udongo mbichi na kuacha alama. Bibi mmoja mfinyanzi, upande wa Busisi, alituonesha namna anavyofanya. Alisokota nyasi, akaiviringisha kwa kiganja kuzunguka bega la chungu, haikumchukua hata dakika. Nikamuuliza, "Shikamoo bibi, nani alikufundisha?" Akajibu, "Marahaba. Mama. Unadhani nilisoma?" Nilicheka, lakini jibu lile lina miaka zaidi ya elfu moja ndani yake.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kigae kinaweza kusema chungu kilikuwa kikubwa kiasi gani, kilichomwa vipi, na makaa yaliyokaa nacho yanaweza kupimwa kwa rediokaboni tukajua umri. Hakiwezi kusema chungu kilikuwa cha nini katika maisha ya watu. Hapo ndipo ninapomleta Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980. Miaka 35. Mwaka uliofuata akafariki.

Wahakiki wengi wanaiweka riwaya hii pembeni. Wanasema fani yake ni dhaifu, visa vinakatizwa na maelezo marefu ya mapishi, uvuvi, salamu, dawa. Eti ni kitabu cha mila kilichovaa shati la riwaya. Mimi nawapinga. Chukua kiini cha kisa: Bugonoka hazai, wazazi wake wanamrudisha kwao, na ili Myombekere ampate tena inambidi awapelekee wakwe pombe ya ndizi. Pombe hiyo huhitaji ndizi, huhitaji majirani wa kusaidia kukamua, huhitaji vyungu. Maelezo yanayoitwa marefu ndiyo kisa chenyewe: ndoa nzima inapimwa kwa vyombo. Aliyeisoma riwaya hiyo hawezi tena kukiona kigae cha chungu kikubwa na kuandika katika daftari "chombo cha kuhifadhia" halafu akapita.

Utasa huo wa Bugonoka unatupeleka mbali zaidi. Ng'ambo ya ziwa, huko Katuruka katika nchi ya Wahaya, Peter Schmidt alichimba kuanzia miaka ya 1970 karibu na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, maana yake mahali pa mhunzi. Wazee walimsimulia kwamba mtawala Rugomora Mahe alifua chuma hapo ili ajenge mnara wa kufikia mbinguni. Chini ya simulizi hiyo yakatokea mabaki ya ufuaji chuma ya kale sana, ambayo Schmidt aliyapa umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya na kuyeyusha mawe ya chuma kwa mivukuto na mirija ya udongo. Wanasayansi wamebishana, na bado wanabishana, juu ya umri na juu ya dai la Schmidt kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa. Ubishi huo tuwaachie wao.

Kinachonihusu ni kwamba kwa wayeyushaji hao tanuri lilikuwa tumbo la uzazi. Wahunzi walijitenga na wake zao wakati wa kazi, kulikuwa na dawa na miiko, na chuma kilichotoka kilikuwa mtoto. Tanuri lililoshindwa lilikuwa limeharibu mimba. Kwa hiyo mganga Kibuguma anapomtibu Bugonoka katika riwaya, yumo katika fikra ileile iliyotawala teknolojia kubwa kuliko zote za nchi hizi. Je, simulizi ya Kaiija ilihifadhi kumbukumbu halisi kwa miaka 2,000, au watu wa baadaye walikuta mavi ya chuma ardhini wakayatungia hadithi? Mimi naelekea kwenye jibu la pili. Lakini hata hivyo, watu hao walikuwa wakifanya akiolojia yao: waliona mabaki, wakayafasiri, wakaweka mti na mlinzi.

Nilipowasilisha haya kwenye semina, mhadhiri mmoja aliuliza kama kazi yangu ni ya Idara ya Fasihi au ya Historia, kwa sababu fomu ina nafasi moja tu ya kujaza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu mwaka 1985, na hapo swali kama hilo lina ofisi ya kulijibu, kwetu halina. Nilijaza Fasihi. Mwenzangu aliyechora vigae akajaza Historia, na yule wa tatu bado hajarudisha fomu yake. Masika yakianza tunarudi Kigongo, kwenye yale mashamba ya juu ya barabara, kabla nyumba zinazojengwa kuelekea darajani hazijayafikia.