Askofu Joseph Kiwanuka na Mtihani wa Masaka

Katika taarifa hii ya mwaka twapenda kuwakumbusha wanachama na wazee wetu habari za Askofu Joseph Kiwanuka wa Uganda, ambaye kazi yake yawahusu watu wote wanaojitahidi kuendesha mambo yao wenyewe.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1899 huko Nakirebe, katika nchi ya Buganda. Alisoma katika seminari ya Bukalasa, kisha ya Katigondo. Masomo hayo yalikuwa marefu mno, na wengi walioyaanza hawakuyamaliza; Waganda wawili wa kwanza kuufikia upadre waliupata mwaka 1913 tu. Kiwanuka alipadirishwa mwaka 1929. Wakubwa wake wakampeleka Roma, akapata digrii ya udaktari katika Sheria ya Kanisa mwaka 1932. Akajiunga pia na shirika la Mapadre Weupe, wale wale waliomlea, kisha akarudi kuwafundisha vijana wa Katigondo.

Mwaka 1939 Papa Pius XII alimchagua kuwa askofu wa Masaka, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo alimweka wakfu kwa mikono yake mwenyewe huko Roma, vita kuu vikiwa vimekwisha kuanza Ulaya. Tangu Henrique, mwana wa mfalme wa Kongo, katika karne ya 16, hapakuwa na Mwafrika mweusi mwingine kutoka kusini ya Sahara aliyepewa cheo hicho katika Kanisa Katoliki la Kilatini.

Lakini heshima hiyo ilikuwa mtihani pia. Masaka ilikuwa imewekwa mikononi mwa mapadre Waafrika, nao wamisionari wakahamia kwingine. Wako waliosema kwamba mambo yataharibika: fedha zitapotea, shule zitaanguka, mapadre watagombana. Kama Kiwanuka angeshindwa, aibu isingekuwa yake peke yake. Ingekuwa kisingizio cha kuwanyima Waafrika wengine madaraka kwa miaka mingi.

Je, alifanyaje? Hakujikusanyia amri zote. Katika parokia aliweka mabaraza ya waumini waliochaguliwa na wenzao, wapate kushauriana na padre juu ya mambo ya mahali pao. Aliunda vyama vya wazazi, ili mwenye mtoto awe na sauti katika shule aliyoijenga kwa jasho lake. Wala hakuogopa kuzidiwa elimu na walio chini yake. Aliwapeleka mapadre wake ng'ambo wakasome zaidi. Mkubwa mwenye wivu huwafungia wenzake mlango, yeye aliufungua.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 1953 Masaka ilifanywa jimbo kamili. Mwaka 1952 Laurean Rugambwa alikuwa amewekwa wakfu askofu katika Tanganyika, na mwaka 1957 ikawa zamu ya Kenya yetu, alipowekwa wakfu Maurice Otunga. Kiwanuka mwenyewe aliitwa mwishoni mwa mwaka 1960 kuwa Askofu Mkuu wa Rubaga, na kiti chake cha Masaka kikakaliwa na Mwafrika mwingine, Adrian Ddungu. Alifariki dunia mwezi wa Februari 1966.

Sisi tulio katika chama, wa dini hii na wa dini nyingine, yatupasa kulitazama neno moja. Waliotia shaka hawakujibiwa kwa hotuba. Walijibiwa kwa baraza lililokutana, shule iliyosimama, na vijana walioandaliwa kushika kazi baada ya wakubwa wao. Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiwanuka alipewa jembe mbele ya macho ya watu wengi, akalima, kisha akawafundisha wengine kulima. Na chama chetu kipimwe hivyo hivyo.