Risasi ya Uluguru na Maana ya Neno Elementi

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mawe ya milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, yalivyosaidia kubadili maana ya neno elementi katika elimu ya kemia.

Mawe hayo ni uraniniti, madini meusi na mazito yenye urani, ambayo hutoa mionzi daima. Mwaka 1906, nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, mkemia Marckwald aliyachunguza, na madini ya manjano yaliyoonekana pamoja nayo akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford.

Mwaka 1907 Bertram Boltwood wa Marekani alionyesha kwamba kadiri mawe ya urani yalivyo ya kale ndivyo risasi iliyomo inavyozidi, ikilinganishwa na urani yenyewe. Akakata shauri kwamba risasi ndiyo mwisho wa urani. Leo twajua kwamba atomi ya urani-238 hupita hatua nyingi na kutoa viini 8 vya heli, hata ikatulia kuwa risasi-206.

Hapo palizuka swali. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomi wa 207.2, lakini risasi iliyozaliwa na urani, kwa hesabu, yapasa kukaribia 206. Je, hiyo nayo ni risasi? Mwaka 1913 Frederick Soddy alijibu kwamba elementi moja yaweza kuwa na atomi za uzito mbalimbali, akaziita isotopu. Ikabaki mizani kuamua.

Miongoni mwa waliopima ni Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz. Risasi ya mawe ya Joachimsthal, huko Bohemia, waliikuta na uzito wa 206.7 hivi: nyepesi kuliko ya kawaida, bali imechanganyika nayo. Ndipo walipopima risasi ya fuwele safi za Morogoro, wakapata takriban 206.05. Shaka ikapungua sana. Bibi Horovitz, Myahudi wa Poland, aliuawa na Wanazi huko Treblinka mwaka 1942. Jina lake lastahili kukumbukwa kila itajwapo risasi ya Morogoro.

Sisi watu wa lugha tuna funzo hapa. Risasi hizo mbili zina tabia moja ya kikemia, wala mkemia hawezi kuzitenga kwa dawa zake. Zinazotofautiana ni asili na uzito. Kwa hiyo mtunga kamusi aandikaye kwamba elementi ni kitu ambacho atomi zake zote ni sawasawa, ameandika maana iliyokwisha kukataliwa na mizani. Yafaa aseme kwamba atomi zake zote zina idadi moja ya protoni. Kwa risasi idadi hiyo ni 82, iwe ya mabomba au ya Uluguru. Neno risasi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, latosha kwa zote mbili.