Modeli za angahewa za vibete vyekundu na vibete kahawia

Modeli za angahewa za nyota ndogo ni hesabu za kompyuta zinazokadiria joto, kanieneo na mchanganyiko wa gesi katika tabaka za nje za nyota, kisha kutoa spektra yake, yaani mwanga ambao gimba la namna hiyo lingetoa, ukiwa umechambuliwa rangi kwa rangi. Mwanaastronomia huiweka spektra ya hesabu kando ya ile iliyonaswa na darubini. Zikipatana, amepata joto la gimba hilo, nguvu yake ya uvutano na kemikali zake.

Kibete chekundu ni nyota yenye masi kati ya takriban asilimia 8 na 60 ya masi ya Jua. Nyota nyingi za jirani zetu ni za aina hii, lakini hakuna hata moja inayoonekana kwa macho matupu. Chini ya kiwango hicho, yaani chini ya mara 75 hivi ya masi ya Mshtarii, kiini hakipati joto la kudumisha myeyungano wa hidrojeni. Gimba la namna hiyo ni kibete kahawia, nalo hupoa maisha yake yote. Nadharia yake iliwekwa na Shiv Kumar mwanzoni mwa miaka ya 1960, ila vibete kahawia vya kwanza visivyo na shaka vilitangazwa mwaka 1995 tu: Teide 1, kilichomo katika Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wetu wamelitazama tangu zamani, na Gliese 229B.

Ugumu wa kazi hii unatokana na ubaridi. Uso wa Jua una joto la kelvini 5,800 hivi, na humo atomi nyingi hukaa peke yake. Kwenye kelvini 3,000 atomi hushikana na kuwa titani oksidi, vanadi oksidi na mvuke wa maji. Kila molekuli humeza mwanga katika mistari mingi mno ya spektra: orodha ya maji iitwayo BT2, iliyotolewa mwaka 2006 na Robert Barber, Jonathan Tennyson na wenzao wa University College London, ina mistari milioni 505 hivi. Ile ya methani ya mwaka 2014 inakaribia bilioni 10. Programu hupitia mistari hiyo katika kila tabaka, hurekebisha joto, kisha hurudia tena na tena hadi nishati inayoingia katika tabaka ilingane na inayotoka. Orodha ikiwa na pengo, mwanga hupenya mahali ambapo ulipaswa kuzuiwa, na joto la tabaka zote huharibika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maendeleo ya fani hii imetoka kwa wanasayansi wa molekuli, watu wasiotajwa sana habari za nyota zinapoandikwa.

Programu iliyotumika sana ni PHOENIX, ya Peter Hauschildt, France Allard na wenzao. Allard, aliyefanya kazi Lyon, Ufaransa, hadi alipofariki mwaka 2020, ni mmoja wa waliolikabili tatizo la vumbi. Kati ya kelvini 2,200 na 1,300 hivi, silikati na chuma huganda na kuwa punje, na punje hufanya mawingu. Mwaka 2001 kundi lake lilitoa modeli za namna mbili: Dusty, ambamo punje zote hubaki pale zilipogandia, na Cond, ambamo zote zimezama zisionekane. Ukweli umo katikati. Anayeishi Suna au Homa Bay, nchini Kenya, amekwisha kuona kalausi, yaani kisulisuli kwa Kijaluo: upepo unapandisha vumbi, uzito unalirudisha chini, na urefu wa wingu hutegemea nani anashinda. Modeli ya BT-Settl hupiga hesabu ya mvutano huo huo katika kila tabaka, ikilinganisha muda wa punje kukua na kuanguka na muda wa gesi kuipandisha.

Gliese 229B ilizisumbua modeli kwa miaka. Mwendo wake ulionyesha masi ya mara 71 hivi ya Mshtarii, nayo modeli zilisisitiza kwamba gimba zito hivyo lingepaswa kung'aa zaidi. Wengi wangezilaumu modeli. Lakini mwaka 2024 ilibainika kuwa ni vibete viwili, vya masi ya mara 38 na 34 hivi ya Mshtarii, vinavyozungukana kwa siku 12.

Kwa Mkenya, mfano wa karibu zaidi ni Orkaria, kibete chekundu kilichojulikana kama GJ 1214, kilicho umbali wa miaka ya nuru 48 katika kundinyota la Hawaa. Jina hilo na la sayari yake, Enaiposha, ni ya Kimaasai. Yalipendekezwa kutoka Kenya na kukubaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 2023. Suna iko nyuzi 1 hivi kusini mwa ikweta, hivyo mwezi wa Juni, karibu na saa saba usiku, Orkaria hupita nyuzi 6 tu kaskazini mwa utosi. Bila darubini nzuri haionekani.

Enaiposha iligunduliwa mwaka 2009, nayo huzunguka kwa saa 38. Darubini ya anga ya James Webb imeipima: nyuzi 280 za selsiasi upande wa mchana, 165 upande wa usiku. Angahewa yake husomwa sayari inapopita mbele ya nyota, na hapo modeli ya nyota yenyewe ndiyo huamua. Mwaka 2017 Benjamin Rackham na wenzake walionyesha kwamba uso wa Orkaria una mabaka yenye joto zaidi kuliko sehemu nyingine, nje ya njia ya sayari, ambayo yalipotosha vipimo vya mwanga wa kuonekana. Kuyaondoa kulihitaji spektra mbili za hesabu kwa nyota moja: ya uso wa kawaida na ya mabaka.