Bodaboda au Bajaji: Nani Mfalme wa Milima ya Mbeya na Iringa?

Juzi usiku naperuzi simu nikakutana na klipu ya Wazungu wanabishana kuhusu kupanda milima ya theluji. Mmoja ana ile mashine pana yenye skii mbili mbele na mkanda nyuma. Mwenzake ana pikipiki kabisa, ila ametoa tairi la mbele akafunga skii moja, na nyuma kaweka mkanda. Wa skii moja anasema yeye anapita katikati ya miti na kukata ubavu wa mlima bila shida. Wa skii mbili anajibu kwamba yeye ana nguvu, na akisimama haanguki.

Nikacheka peke yangu. Huo ubishi si ndio wa kwetu kila siku kijiweni? Theluji hatuna, labda jalidi ya Makete mwezi wa saba. Ila milima tunayo, na wabishani tunao: bodaboda na bajaji. Moja nyembamba, nyingine pana. Leo tuweke sawa hii kitu, na majina ya watu tuyaache, maana kila kijiwe kina watu wa hivi.

Miji iliyokaa mlimani

Iringa kwanza. Wajerumani waliiteka ngome ya Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894, halafu wakajenga mji wao juu ya kilima, Mto Ruaha Mdogo ukiwa chini. Ndiyo maana mpaka leo ukishuka kwenye basi Ipogolo, mji uko juu yako. Lazima upande.

Mbeya yenyewe ilianzishwa mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa kule Chunya. Mji ukawekwa chini ya mlima Loleza, dhahabu iko upande wa pili. Katikati ni mlima. Yaani tangu siku ya kwanza, hela ya Mbeya ilikuwa inavuka mlima.

Kwa miaka mingi mzigo ulikuwa unapanda kwa kichwa na mgongo, hasa wa kina mama. Baiskeli ilikuwepo, lakini waulize wazee: kupanda unaisukuma, kushuka unamwomba Mungu. Pikipiki zilikuwa za bwana shamba na padri, zile Yamaha na Honda ndefu. Mtoto akisikia mlio tu anajua mgeni wa heshima anakuja. Mtu wa kawaida alikuwa anaisikia, hapandi.

Walitokea wapi hawa wawili?

Bodaboda jina lake limetoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Miaka ya 1960 vijana walikuwa wanavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na neno la Kiingereza la mpaka likageuka kuwa "boda". Baiskeli ile isingetoboa milima yetu. Kilichotoboa ni pikipiki za bei nafuu za Kichina miaka ya 2000, SanLG, Fekon na T-Better, halafu zikaja Boxer na TVS kutoka India. Mwaka 2010 ndipo zikatoka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara, chini ya SUMATRA, ambayo sasa ni LATRA. Pikipiki abiria mmoja, bajaji abiria watatu. Mishikaki haimo kwenye kanuni, iko kwenye maisha.

Bajaji historia yake ni ndefu zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Vespa mwaka 1946, maana yake nyigu. Mwaka 1948 wakaongeza tairi la tatu, wakaiita Ape, yaani nyuki, kwa sababu hii ni ya kazi. Kampuni ya Bajaj ya India ilianza kwa kuuza Vespa, halafu ikapata leseni ya kutengeneza yenyewe mwaka 1959. Zilipofika kwetu, jina la kampuni likawa jina la chombo. Leo hata ya TVS tunaiita bajaji, na hakuna anayeshangaa.

Tupige hesabu ya mlima

Pikipiki ina kama kilo 110. Weka dereva na abiria, kilo 140. Jumla 250, na injini ya cc 125. Hapo kila cc moja inavuta kilo mbili.

Bajaji tupu ina kama kilo 300 na kitu. Weka dereva na abiria watatu, unakaribia 600. Injini yake ni kama cc 200. Kila cc inavuta kilo tatu. Ndiyo maana bajaji ikitoka Ipogolo imejaa inapanda kwa gia ndogo inalia kama mtoto, na boda anaipita anapiga simu (acheni hiyo tabia).

Ila nguvu siyo jambo kubwa sana. Jambo kubwa ni njia. Pikipiki inahitaji mstari mmoja tu, upana wa kiatu. Bajaji inahitaji mistari mitatu. Barabara ya vumbi ikishachimbwa na malori, matairi mawili ya nyuma yanataka kukaa kwenye mitaro na lile la mbele linataka kupanda tuta la katikati. Mvua ikinyesha hapo, kwaheri.

Halafu kuna kona. Pikipiki ikiingia kona inalala na dereva wake. Bajaji hailali. Kwenye mteremko ukishika breki huku unakata kona, uzito wote unakimbilia mbele, kwenye tairi moja, na ubavu mmoja unanyanyuka. Waliopinduka wanajua.

Hamsini na Saba

Kuna barabara inapanda kutoka Chimala, wilaya ya Mbarali, kwenda Matamba kule Makete, pembeni ya hifadhi ya Kitulo. Makete ilikuwa mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipopewa mkoa wake mwaka 2012. Barabara yenyewe inaitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya idadi ya kona zake. Siyo kona za kawaida. Ni zile unazoangalia chini unaona barabara uliyopita kama kamba iliyotupwa.

Niliwahi kupanda na bodaboda mmoja, mtu mzima, karibu umri wa baba yangu mdogo. Nikampa shikamoo, tukaondoka. Kona ya kama ishirini nikaacha kuhesabu, nikafumba macho. Kila kona kali ananiambia, "Sogea mbele, kijana, nisinyanyue tairi." Tulipofika juu nikamuuliza kama haogopi kupanda vile kila siku.

Akasema, "Kupanda hakuui. Wengi nimewaona wanaondoka kwenye kushuka."

Akanieleza. Vijana wakishuka wanazima injini na kuacha gia huru ili kuokoa mafuta. Breki shuu zinapata moto, zinaacha kushika. Injini ingekuwa kwenye gia ndogo, ingemzuia yenyewe. Anaokoa mafuta ya soda moja, analipa mguu. Na kwa nini anaokoa? Kwa sababu pikipiki siyo yake, ni ya mkataba. Jioni tajiri anataka hesabu yake, mlima uwe umenyesha au haujanyesha.

Na yeye anaposhuka usiku, mara nyingi nyuma yake kuna mgonjwa au mama mjamzito, maana hospitali ya misheni iko bondeni, Chimala. Huyo mama angepata bajaji angekaa vizuri. Angekuwa na kiti, paa na mtu wa kumshikilia. Lakini usiku kama huo, kwenye barabara kama hiyo, kinachopatikana ni pikipiki.

Kumbe mfalme ni lami

Nikarudi Mbeya nikaanza kuangalia mji kwa jicho lingine. Angalia Kabwe, Mwanjelwa, Mafiati, Soweto. Bajaji zimejaa mpaka madereva wa daladala wamegoma mara kadhaa wakilalamika zinaingia njia zao. Nenda Iringa, kutoka Ipogolo hadi Kihesa, hadithi ni ileile. Kwa nini? Lami. Popote lami inapofika, hata kama ni mlima, bajaji inafika. Abiria akiwa na mtoto au mzigo wa sokoni, na mvua ya Mbeya unaijua, hachagui mara mbili.

Lakini nani alikuwa anapeleka watu huko kabla ya lami? Boda. Alipita wakati ni njia ya mbuzi. Akajua kila jiwe. Watu wakajenga kwa sababu wanajua kuna namna ya kufika nyumbani. Nyumba zikiongezeka, barabara inachongwa. Ikishawekwa lami, bajaji inakuja kuchukua abiria, na boda anasogea juu zaidi: Iganzo kule ndani, Itagano, Umalila kwenye viazi. Kwa upande wa Iringa ni Kilolo na madumu ya ulanzi, au Mufindi kwenye mbao.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kwenye mlima mkali, chombo chembamba kinashinda, hapo hakuna ubishi, na wale jamaa wa theluji wanalijua hilo pia. Ila ushindi wake una gharama. Kila lami ikipanda hatua moja, boda anasukumwa kwenda kwenye mteremko mkali zaidi ya ule wa jana, na malipo yanabaki yaleyale. Tunamwita afisa usafirishaji tukimtania. Mimi naona yeye ndiye mtu wa kwanza kupima barabara zetu, na hajawahi kulipwa kwa kazi hiyo.

Basi ukipanda naye leo, vaa kofia ngumu. Na akitaka kuzima injini kwenye mteremko, mwambie, "Kaka, weka gia, nitakuongeza ya mafuta." Ni bei ya soda.

Wewe wa Nyanda za Juu Kusini, mtaani kwako lami imefika? Na kabla haijafika, nani alikuwa anakupandisha? Dondosha hapo chini tusome.