Baiskeli na Kipimo cha Kaunta

Msafiri anayefungua pedali, usukani na magurudumu ili baiskeli yake ipande ndege anaonekana kulitii umbo la chombo. Mimi naona anatii namba. Mashirika mengi ya ndege hujumlisha urefu, upana na kimo cha mzigo. Jumla ikipita inchi 62, yaani kama sentimita 158, au uzito ukipita kilo 23, abiria huongeza pesa. Namba hiyo imechonga baiskeli za safari kuliko fundi yeyote. Katika miaka ya 1990 kampuni ya S&S ya Marekani ilitoa viungio vya chuma vya kufunga kwa kuzungusha, vinavyowekwa kwenye mabomba mawili ya fremu ili iachane vipande viwili na, pamoja na magurudumu ya kawaida, iingie kwenye sanduku la inchi 26 kwa 26 kwa 10. Jumlisha mwenyewe. Tangu 1992 Bike Friday, wa Eugene, Oregon, walishika njia nyingine: magurudumu ya inchi 20, na sanduku ambalo mwenyewe akishatua hulitia magurudumu likawa tela la kukokotwa nyuma ya baiskeli.

Atatokea wa kusema kwamba baiskeli za kukunja zilikuwepo kabla ya ndege za abiria. Ni kweli. Kapteni Gérard wa jeshi la Ufaransa alikuwa na yake katika miaka ya 1890, ya askari kubeba mgongoni, na katika Vita Vikuu vya Pili kampuni ya BSA ya Uingereza iliwatengenezea askari wa miavuli baiskeli iliyoshushwa usukani na kiti vikitangulia chini, magurudumu yasije yakapinda. Lakini hao walitafuta wepesi wa kukunjua, kwa sababu adui hasubiri. Msafiri wa ndege amekubali kupoteza nusu saa na spana mkononi ili aokoe sentimita chache, na biashara hiyo haina maana popote isipokuwa mbele ya kaunta ya mizigo.

Pingamizi zito zaidi ni katoni: wengi huomba boksi tupu dukani, wakapakia humo, na boksi hilo linapita kipimo kwa mbali. Hata hivyo mashirika yanayolipokea huliweka kwenye fungu la vifaa vya michezo, lenye masharti yake, na sharti moja maarufu ni kutoa upepo kwenye tairi. Kifizikia halina mashiko. Hata chumba cha mizigo kingekosa hewa kabisa, shinikizo ndani ya tairi likilinganishwa na nje lingeongezeka kwa takriban psi 15 tu, na vyumba vya mizigo vya ndege za abiria hushindiliwa hewa kama vyumba vya watu. Sharti limebaki, na pampu inabebwa.