Fimbo na Sheria

Wazee wengi wa Kakamega husema kwamba fimbo ni mila ya kwetu tangu kale, nao hutoa ushahidi wa methali: Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Ni kweli kwamba wazazi wa zamani waliwachapa watoto wao. Lakini fimbo ya shuleni ina historia yake.

Katika utawala wa Waingereza, fimbo haikuwa ya watoto peke yao. Jina la kiboko lenyewe latokana na mjeledi uliokatwa katika ngozi ya mnyama huyo. Mwezi wa Machi mwaka 1907, mlowezi Ewart Grogan na wenzake waliwachapa Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Mahakama nazo ziliamuru watu wazima wachapwe, na adhabu hiyo haikuondolewa katika sheria za Kenya mpaka mwaka 2003. Basi shule ya serikali ilipofunguliwa Kakamega mwaka 1932, fimbo ilikuwa tayari alama ya mamlaka.

Baada ya Uhuru haikutupwa. Kanuni za mwaka 1972 ziliiruhusu shuleni, ila kwa masharti: kosa lichunguzwe kwanza, achape mwalimu mkuu, au mwingine mbele yake, viboko visizidi sita, wanafunzi wengine wasitazame, na adhabu iandikwe daftarini. Walakini katika shule nyingi watoto walichapwa mbele ya wenzao, pengine kwa kukosa hesabu tu. Ruhusa ilikumbukwa, masharti yakasahauliwa.

Mwaka 2001 serikali iliifuta ruhusa hiyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, ikamkinga kila mtu na ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaifanya adhabu ya viboko shuleni kuwa kosa la jinai. Hivyo mwalimu ainuaye fimbo leo huvunja sheria, hata akidai kwamba analinda mila.

Tena, methali ile haitaji fimbo. Mtoto hulia pia anapozuiwa kwenda kucheza mpaka amalize kazi yake, au anapoambiwa amwombe radhi aliyemkosea. Nidhamu yahitajika siku zote. Ninyi mtakaokuwa wazazi na walimu kesho, jifunzeni njia hizo mapema, maana ni ngumu kuliko kuchapa.