Neno "Chaneli" katika Simu ya Upepo

Neno "chaneli" lina historia yenye funzo. Mwaka 1958 Marekani iliwatengea raia chaneli 23 za simu ya upepo; mwaka 1977 zikafikia 40. Mwenye chombo cha zamani hakuweza kumsikia aliyechagua chaneli ya 30. Basi chaneli ni nafasi yenye namba, na wanaowasiliana sharti waiafiki kabla ya safari. "Idhaa" haifai, kwani hutangaza bila kujibiwa. "Masafa" kwa dereva ni umbali. "Mkondo" ni maji ya Mto Kiwira. Katika njia za matope wilayani Rungwe, nje ya Tukuyu, mwongozo wenye neno la utata waweza kumwacha aliyekwama akiita pasipo kusikika.